Sura ya Tano Haitoki

Jumanne, 22 Julai

Daftari hili lilikuwa la mjukuu wangu Kabula. Kajaza kurasa tatu kwa alama zake, mikia na nyota na vijiti, kisha kalitupa chini ya kitanda. Daftari zima! Nimeligeuza, naanzia nyuma. Langu lilijaa tangu Pasaka.

Dagaa wamejaa ufukweni Igombe, mwaloni kwetu. Mwezi umekufa, ziwa lote giza, taa za mitumbwi zimewavuta kweli kweli. Nimepokea ndoo tisa alfajiri, nimeanika zote. Mgongo unalia. Prudencia, tunayepakana vichanja vya kuanikia, kanichokoza kwa jina la baba yangu: "Ng'wana Shigela, mjukuu wako bado anasoma tu? Wangu kasomea unesi miaka mitatu, sasa anachoma watu sindano. Wako miaka saba, anachoma nini?"

Nikamwambia anakuchoma roho wewe.

Tukacheka mpaka kunguru wakaruka. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani Kiseke nilikuwa nalitafuna. Miaka saba. Mtoto nimemlea tangu mama yake afariki, hana hata jino. Alipofika darasa la tatu akanifundisha herufi kwa mkaa, sakafuni, ananichapa kabisa nikikosea. Sasa anafundisha fizikia chuoni, na huku anaandika kitabu chake cha kuwa dokta. Si dokta wa sindano. Wa mawazo. Akipita, chuo kinampa kazi ya kudumu. Asipopita, mkataba unakwisha Septemba na anatoka. Tarehe 11 Agosti anasimama mbele ya wakubwa, wanamuuliza, anajibu. Wanaita utetezi.

Mimi nimewahi kujibu mabwana samaki watatu kwa mpigo, na sikuwa na kitabu.


Alhamisi, 24 Julai

Kabula karudi mapema. Hakuvua viatu. Kabula asipovua viatu ujue kuna msiba.

Nikamwambia kula kwanza. Hakula. Kasema Dokta Rutashobya kamwita ofisini kafunga mlango. Huyo ndiye msimamizi wake, ndiye mwenye kuweka sahihi. Kamwambia toa sura ya tano. Ukiitoa, naweka sahihi. Ukiiacha siweki, na bila sahihi yangu hakuna utetezi.

Sura ya tano ina nini? Nimemlazimisha aniambie polepole. Naandika nilivyoelewa, nisije nikasahau.

Kuna vitu vidogo. Vumbi kwao ni mlima. Hawa watu wa kwanta, ndiyo fizikia ya Kabula, wanaviuliza maswali kwa mashine, navyo vinajibu. Sasa wanabishana karibu miaka mia: kitu kile kilikuwa na jibu lake mfukoni kabla ya kuulizwa, au jibu linazaliwa pale pale kinapoulizwa? Rutashobya zamani aliandika karatasi, hatua kwa hatua, kwamba jibu lilikuwa mfukoni. Karatasi hiyo ndiyo jina lake. Wanafunzi wanafundishwa. Kabula kakuta shimo kwenye hatua ya kumi na moja. Mzee alichukua jibu ambalo kitu kilitoa kilipoulizwa pamoja na jirani huyu, akaliweka kana kwamba kingejibu vile vile kikiulizwa pamoja na jirani yule. Nani kamwambia? Hakuna. Aliruka tu. Basi sura ya tano inaonyesha shimo, halafu inathibitisha kinyume chake: mfukoni hamna kitu.

Nikamwambia hilo la kubishania miaka mia? Mchukue baba yako. Muulize Nkwabi mbele ya bosi wake kama anaipenda kazi yake. Anaipenda sana! Muulize mbele ya Rachel, huyo mkewe wa sasa. Anaichukia, anataka akalime. Na hadanganyi hata mara moja! Mkute peke yake usimuulize kitu, hana jibu lolote tumboni. Namjua, nimemzaa.

Kabula alicheka mpaka akavua viatu. Kasema Bibi, hiyo iko karibu kuliko vitabu vingi. Halafu akalia kidogo, huku anakula.

Haitoki. Nimemwambia hivyo na naandika hapa: sura ya tano haitoki!


Jumapili, 27 Julai

Mgeni. Rutashobya mwenyewe, baada ya misa, gari limeoshwa. Kaleta sukari na kahawa ya kutafuna ya kwao Bukoba. Kapiga shikamoo ya kuinama. Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu asiye na adabu. Imeniharibia.

Kwangu hakuna neno kabla ya chakula. Nikamwekea ugali wa muhogo na dagaa. Kala vizuri, siwezi kumsingizia. Vichwa hakubagua.

Alipokwisha nawa kasema, "Mama, Kabula ni kichwa. Sijawahi kupata mwanafunzi kama huyu."

"Basi weka sahihi."

"Mama nisikilize. Vijana wana haraka —"

"Ana miaka thelathini na miwili. Haraka ipi?"

Kacheka. Ana kicheko kizuri. Kasema sura ile ingoje kidogo tu. Awe dokta kwanza, kazi ipatikane, baadaye aandike atakalo, hata yeye Rutashobya ampige nalo.

"Ukishamzoeza kunyamaza, hiyo siku ya kusema atajifunzia wapi?"

Nikamwuliza tena: "Shimo lipo au halipo?"

"Si rahisi hivyo, mama."

"Mimi sikukanyaga darasa hata siku moja, dokta. Niambie kama unamwambia mtu asiyejua. Lipo? Halipo?"

Kaangalia kalenda ukutani. Kasema, "Inategemea unaulizaje."

Nikamwona Kabula mlangoni, khanga mdomoni, mabega yanatikisika. Mzee hakuelewa kwa nini. Mimi nilielewa! Kaja kwangu kuipinga sura ya tano, na yeye mwenyewe ndiye sura ya tano, kakaa kwenye kiti changu.

Nikamfungia dagaa kwenye gazeti. Mgeni hatoki kwangu mikono mitupu. Mlangoni kasimama, kasema kwa sauti ndogo, mama, ile karatasi niliiandika nina umri wa Kabula. Nilikuwa na la kumjibu, ila lisingekuwa zuri.


Jumatatu, 28 Julai

Nimemsimulia Prudencia. Nikamwambia nyie Wahaya na nshomile zenu, hayo majivuno ya kusoma, mtu akishasoma hakosei mpaka afe. Kasema usimtukane mjomba wangu. Mjomba wako tangu lini? Kasema tangu alipokuja na gari lililooshwa.

Dagaa ndoo saba. Jua zuri.


Jumatano, 30 Julai

Nkwabi. Tangu daraja la Busisi lianze kupitika hana kisingizio cha kutokuja. Zamani ilikuwa "mama, foleni ya kivuko". Leo katoka Sengerema asubuhi, saa nne yuko kwangu, jasho halijamtoka.

Kasikia kutoka kwa Kabula kwenye simu. Kaja kunifokea. Mimi!

Kasema mama, unamharibia mtoto. Wewe ndiye unayemtia kiburi. Mtu anaambiwa toa kurasa arobaini upate kazi ya maisha, anakataa, kisa nini? Vitu visivyoonekana! Havilishi, havinyweshi, havijui hata kama Kabula yupo.

Nikamwambia kaa chini. Kakaa. Ana miaka hamsini na saba lakini anakaa. Nikamwambia huyo mtoto ulimleta hapa kwenye kapu, ukaenda kutafuta maisha. Sikukulaumu. Lakini kiburi alichonacho nilikiweka mimi mwenyewe, kijiko kwa kijiko, na wewe usikitoe kwa siku moja.

Kafuta uso. Kasema, "Mama, mimi nataka tu alale usingizi. Umemwona macho?"

Nimemwona.

Nikamkaangia mayai.


Jumamosi, 2 Agosti

Jambo limetokea mwaloni na sijalielewa bado. Naliandika lilivyokuwa.

Kabula kaja Igombe kunisaidia. Nilimwambia utakufa kwa kukaa, njoo uinuke. Dagaa nilikuwa nao sehemu mbili: wengine juu ya kichanja, wengine chini kwenye neti niliyotandika mchangani, maana kichanja kilijaa. Nikamwambia angalia wa chini, wakiwa tayari tuzoe.

Dagaa mkavu unamjua kwa kumvunja. Akilia kah! yuko tayari. Uliyemvunja humuuzi, unamtafuna mwenyewe au unawapa kunguru. Na kutokana na huyo mmoja unasema habari za wote.

Sasa yeye, asiiname, kanyoosha mkono kichanjani. Kavunja mmoja. Kah! "Wamekauka, Bibi. Tuzoe."

Nikampiga mkono. "Huyo uliyemvunja ni wa juu! Kakwambia habari ya juu. Nani kakwambia ya chini? Hawa wamelala na upepo, wale wamelala na ardhi. Samaki ni wale wale, mtumbwi ule ule, jua lile lile, lakini wenzao si hao!"

Nikamkumbusha habari ya Kisesa, yeye alikuwa kidato cha pili. Nilifanya hivyo hivyo, kwa uvivu wa kuinama. Nikachanganya, nikafunga magunia, akachukua Ngosha wa Kisesa, mteja wangu wa miaka. Kesho yake nikanyanyua gunia moja lililobaki nyumbani. La moto chini, walipo wabichi. Linachemka! Nikajua na yale yaliyokwenda yanachemka. Nikaenda Kisesa siku hiyo hiyo, kabla hajafungua hata moja. Nikamwambia Ngosha usiwauzie watu, nimekosea mimi. Kanishangaa. Kasema mama, ungenyamaza, mimi ningelaumu mvua. Nikamwambia ndiyo maana nimekuja.

Nilipomaliza kusimulia Kabula alikuwa amesimama na nusu mbili za dagaa, moja kila mkono. Kasema, "Rudia hapo pa wenzao."

Nikarudia.

Kasema polepole, "Nimebadilisha jirani zake." Hakuwa anasema nami. Kakaa mchangani na sketi yake nzuri. Kaomba kalamu. Ninayo, naifunga kwenye pindo la khanga. Karatasi hapakuwa. Kaandika mkononi kwake, kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko, akahamia mkono wa pili akashindwa kwa sababu yeye si wa kushoto. Kaninyooshea kalamu kana kwamba nitamwandikia mimi. Mayo, mama yangu!

Prudencia kapita kasema huyo sasa amekamilika kusoma.

Wa chini nimewazoa jioni. Walikuwa bado kidogo saa ile. Nilijua.


Jumatatu, 4 Agosti

Kabula kasema leo. Siku mbili hajaongea, leo kasema, tukiwa tunachambua maharage.

Shimo la Rutashobya lipo. Hilo halijabadilika. Lakini kile kinyume alichothibitisha yeye, kwamba mfukoni hamna kitu — kakuta ukurasa wa tisa wa sura yake mwenyewe kapita kwenye shimo lile lile. Kamshika mzee kwa kosa, halafu naye kalifanya. Kavunja samaki wa kichanjani kasema wa chini wamekauka.

Nikamwuliza, basi jibu ni lipi? Mfukoni lipo au halipo?

"Sijui, Bibi. Yeye hajui, na mimi sijui. Hakuna aliyethibitisha."

Nikaacha maharage.

Naandika ukweli hapa maana hapa hakuna wa kuniona. Nilimwambia anyamaze. Mimi! Nilimwambia nani ameona? Rutashobya hajaona, angekuwa ameona angekuja na tarumbeta. Nkwabi haoni. Wewe umeona peke yako. Iache sura ilivyo, pigana, shinda, ukiwa dokta utarekebisha.

Maneno ya Rutashobya. Yale yale! Yalitoka kinywani mwangu na meno yangu.

Kabula hakuniangalia. Kaendelea kuchambua. Kasema, "Wewe ulikwenda Kisesa."

Jioni maharage yaliungua.


Jumanne, 5 Agosti

Mwezi umekua. Mitumbwi imepandishwa mchangani, wavuvi wanashona nyavu na kubishana mpira. Hakuna kazi mpaka giza lirudi. Nimefua kila kitu kinachofulika.

Sijamwomba Kabula msamaha. Nimempikia ndizi. Anajua.


Jumatano, 6 Agosti

Kaitoa!

Kaitoa sura ya tano. Kampelekea Rutashobya kitabu bila hiyo, naye kaweka sahihi hapo hapo, kampa na mkono. Kabula kaniambia akiwa amesimama, kama mtu anayesoma tangazo la kijiji. Kasema kesho kinakwenda kwa watahini.

Nikamwambia kwa hiyo kosa lako limefichwa na la kwake limefichwa, mmefunikana blanketi moja. Kasema Bibi. Nikamwambia usiniite. Kasema Bibi, nisikilize. Sikumsikiliza. Nimetoka nje nimefagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Wanafunzi wa Rutashobya wataendelea kufundishwa hatua ya kumi na moja. Wataiandika kwenye madaftari. Watamaliza, watafundisha wengine. Magunia yote hayo yanachemka chini, na aliyeshika chini akaona moto ni mjukuu wangu, na kanyamaza.

Mimi ndiye niliyemwambia nyamaza. Sijasahau. Sihitaji kukumbushwa na daftari.


Alhamisi, 7 Agosti

Hatuongei. Kala kwake, nimekula kwangu. Nyumba ya vyumba viwili, sijui kwangu ni wapi.


Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Nkwabi kaja na Rachel, na kreti ya soda, na shati jipya. Anafurahi mpaka anatia huruma. Kamshika Kabula mabega, kasema sasa umekuwa mtu mzima. Kabula katabasamu kwa baba yake. Tabasamu la kumpa, si la kuwa nalo.

Kitabu kilikuwa mezani, nakala ya kwake, kimejalidiwa bluu, herufi za dhahabu. Kizito. Wao walikuwa nje wanapiga picha. Nikakifungua, si kwa kusoma, nitasoma nini humo? Kwa kukishika tu. Miaka saba ya mtoto lazima uishike.

Maneno ya kizungu sijui yanasema nini. Namba nazijua. Kila sura inaanza na namba kubwa katikati ya ukurasa. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Sita.

Nikarudi nyuma. Labda kurasa zimeshikana, nikalamba kidole. Nne. Sita. Saba.

Sura ya tano imetoka, lakini mahali pake hajapaziba! Hakuifanya sita kuwa tano. Kaacha pengo wazi kama la jino. Na Rutashobya kaweka sahihi. Alikitafuta asichotaka kukiona, akakikosa, akafurahi, hakuhesabu.

Nikakifunga. Nikakirudisha sawasawa kilivyokuwa. Kabula kaingia kuchukua soda kanikuta nimesimama hapo. Kaangalia kitabu. Kaniangalia. Mimi nikasema chukua ya baridi, hizo za juu zina joto.

Ni neno la kwanza tangu juzi. Kachukua ya baridi.


Jumapili, 10 Agosti

Misa. Sikusikia mahubiri.

Nimepiga pasi kitenge cha mazishi ya Chenge, marehemu mume wangu, ndicho kizuri kuliko vyote. Kabula kasema Bibi, kesho ukumbi una kiyoyozi, utasikia baridi. Nikamwambia nimesimama ndani ya ziwa saa kumi alfajiri Julai, kiyoyozi kitanifanya nini?

Kasema, "Kama hutaki kuja si lazima."

"Nakuja."

"Inaweza isiwe nzuri."

"Nakuja, nimesema."

Kakaa kwenye ncha ya kitanda changu kama zamani. Kaniuliza, Kisesa ile, Ngosha alikasirika? Nikamwambia hakukasirika mbele yangu. Lakini mwaka mzima hakununua kwangu. Mwaka mzima, Kabula. Tulikula mihogo mitupu, wewe ukidhani ni kwa sababu ninaipenda.

"Sikujua."

"Sikukwambia."

Kaenda kulala saa mbili. Kalala kweli, nimesikia akikoroma. Nkwabi angesikia angelia.


Jumatatu, 11 Agosti

Naandika ndani ya ukumbi wenyewe, daftari gotini. Nitaandika kidogo kidogo.

Mlangoni kijana wa ulinzi kasema bibi, huku ni kwa waalikwa. Nikamwuliza wewe nani kakualika? Kacheka kanitafutia kiti. Cha nyuma. Nikasogea mpaka cha tatu.

Watahini wanne na mwenyekiti, meza ndefu, chupa za maji. Mmoja mama wa miwani kutoka chuo cha mbali, hajacheka na mtu tangu aingie. Nimempenda. Rutashobya pembeni yao, suti. Kaja kunisalimia, kainama shikamoo, kaniambia mama leo ni siku yetu. Nikamwitikia marahaba. Zaidi ya hapo sikumpa.

Nkwabi jasho linamtoka ndani ya kiyoyozi.

Kabula kaanza. Projekta inawaka ukutani. Anasema kizungu na kiswahili, vinapokezana. Sauti haitetemeki. Namba inatokea ukutani: moja. Anaeleza. Wanatikisa vichwa kukubali. Mbili. Mama wa miwani anaandika. Tatu. Rutashobya kakunja nne, anatabasamu, kweli anajivuna naye, naona. Si mtu mbaya. Ana kitu kimoja tu na hataki kikaguliwe chini.

Nne.

Nimeshika kalamu kwa ngumi.

Sita.

Ukutani, kubwa kama ndoo! Hakuna aliyeshtuka. Nkwabi anatikisa kichwa na sita kama alivyotikisa na nne. Nimecheka. Kwa sauti. Watu wamegeuka. Nimesema samahani, kikohozi.

Kamaliza. Makofi. Sasa maswali. Wawili wa kwanza wameuliza ya kwao, kajibu, wameridhika. Wa tatu kasema hana swali, ana pongezi.

Mama wa miwani anafunua kitabu. Anafunua mbele, anafunua nyuma. Analamba kidole! Kama mimi! Kasema:

"Mimi nina swali dogo, labda ni la mpiga chapa. Sura ya tano iko wapi?"

Rutashobya kaangalia kitabu chake. Sasa ndiyo anahesabu. Naona midomo yake inahesabu.

Kasema haraka, "Ni makosa ya uchapaji, profesa, tutarekebisha —"

Kabula kasema, "Si makosa ya uchapaji."

Kafungua mkoba wake. Ule ule anaoutumia mwaloni, harufu imefika mpaka hapa. Katoa karatasi zimekunjwa mara mbili. Kasema:

"Sura ya tano iko hapa. Haijasainiwa. Ina makosa mawili ndani yake. Moja ni la karatasi ambayo sisi wote humu tunaifundisha. La pili ni langu, na ni lile lile. Naomba nianze na langu."

Nkwabi kafunika uso kwa mikono miwili. Mama wa miwani kavua miwani. Kabula anaangalia viti, ananitafuta, kaniona. Kaenda ubaoni kachukua chaki. Kachora mistari miwili, mmoja juu, mmoja chini. Nakijua hicho! Ni kichanja changu. Na neti.

Kasema, "Bibi yangu anakausha dagaa Igombe."

Rutashobya kasimama. Kasema mwenyekiti, naomba kikao kisitishwe, mimi kama msimamizi naondoa sahihi yangu —

Mimi pia nimesimama. Daftari nimeliegemeza kifuani. Ukumbi wote unaniangalia, na mwenyekiti ananiuliza, mama, una la kusema? Kabula anatikisa kichwa, sijui ndiyo, sijui hapana. Chaki iko mkononi, mkono bado uko juu, hajaushusha. Rutashobya hajakaa.

Na mimi sikai. Naandika nimesimama, na nikifunga daftari hili nawaambia habari ya Kisesa.